"Inaisha" ao "iko inaisha"? Kiswahili cha garaji za Kamina na ukaguzi wa motoka

Katika masomo yetu ya lugha za Kiafrika tumezoea kuchukua mifano katika hadithi, methali, mahubiri na redio. Makala hii inachukua mifano yake chini ya kapo ya motoka. Nina sababu mbili. Ya kwanza ni ya kiisimu: garaji ni mahali ambapo Kiswahili cha Katanga kinafanya kazi yake yote mara moja, yaani kukopa maneno, kuyapa ngeli, kubadili maana na kutumia nyakati za kitenzi kwa njia ambayo vitabu vya Dar es Salaam havituelezi. Ya pili si ya kiisimu. Shofere anayetoka Kamina kwenda Kaniama ao Bukama, na magunia ya mahindi nyuma na watu juu ya magunia, anategemea mazungumzo ya dakika tano aliyofanya na fundi kabla ya kuondoka. Mazungumzo hayo yakieleweka vibaya, hakuna mtu wa kuyasahihisha njiani.

Nitaandika Kiswahili ambacho kila msomaji wa gazeti letu atakifuata, na maneno ya garaji nitayaacha jinsi yanavyosemwa hapa kwetu. Msomaji aliyesoma Tanzania ao Kenya atakuta "freni" pale anapongojea "breki", na "pine" pale anapongojea "tairi". Sitayasahihisha, kwa kuwa hayana kosa.

Maneno yalikuja na njia gani

Reli iliyotoka Bukama kwenda Port-Francqui, mji unaoitwa leo Ilebo, ilifunguliwa mwaka 1928 na ikapita Kamina. Tawi la kwenda Kabalo lilikamilika mwaka 1956. Katikati ya miaka hiyo Wabelgiji walijenga base kubwa ya kijeshi nje ya mji. Kazi hizo zote zilileta watu wa Kasai, wa kaskazini na wa kusini mahali ambapo Kiluba kilikuwa lugha ya nyumbani, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi kati yao. Lakini aliyekuwa na mashine, na kitabu cha mashine, alisema Kifaransa. Ndiyo maana majina ya vyombo yalitoka Kifaransa, wakati huohuo wenzetu wa Tanganyika na Kenya walipoyapata kwa Waingereza. Wao wana gereji, dereva, breki, tairi, klachi, gia, plagi, boneti, honi na jeki. Sisi tuna garaji, shofere, freni, pine, ambreyaje, vitesi, buji, kapo, klaksoni na kriki. Ni motoka moja, yenye majina mawili mwilini mwake.

Tofauti hiyo si ya kushangaza, na mimi sioni haja ya kuilia. Kinachofaa kuangaliwa ni kwamba ukopaji wetu una kanuni. Kifaransa kina irabu za mbele zinazotamkwa kwa kuviringa midomo, na Kiswahili hakina. Ile inayoandikwa eu inapoteza mviringo na kuwa e: chauffeur inatoa "shofere", moteur inatoa "motere", pneu inatoa "pine". Ile inayoandikwa u inakuwa i, kama katika "karibiratere" kutoka carburateur, ambapo kanuni zote mbili zimefanya kazi katika neno moja. Konsonanti mbili zinazofuatana mara nyingi zinatengwa kwa irabu: batterie inasikika "batri" kwa wengine na "batiri" kwa wengine, na ndani ya "pine" hiyohiyo kuna i iliyoingia kati ya p na n. Wingi unachukua ma-: mapine, mamotoka, mafreni. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kukusanya maneno ishirini katika asubuhi moja na kuona kanuni hizo bila kufungua kitabu.

Kenya na Tanzania wana tabaka moja ambalo sisi hatuna. "Gari" ni neno la Kihindi, na "usukani" limetoka Kiarabu, ambako lilikuwa la chombo cha baharini. Mabaharia wa pwani waliitia motoka ndani ya familia ya majahazi. Hapa, mbali na bahari, tunasema "volan".

Nifungue dirisha dogo kwa ajili ya "buji". Katika Kifaransa bougie ni mshumaa, halafu ni kile chombo kinachotoa cheche ndani ya motere. Mshumaa wenyewe ulipata jina hilo kutokana na mji wa Bougie, leo Béjaïa, pwani ya Algeria, uliouza nta Ulaya. Kwa hiyo shofere wa Kamina anayeagiza buji nne anataja, bila kujua, bandari ya Afrika ya Kaskazini. Katika Katanga "buji" ni mshumaa na ni cheche pia, na hakuna anayechanganya. Nitarudi kwenye jambo hilo sasa hivi, maana ndiyo mlango wa tatizo kubwa zaidi.

Mafuta

Neno moja lenye maana nyingi halina hatari kama mazingira yanachagua maana. Ukiomba buji mbele ya kapo lililofunguliwa, hakuna atakayekuletea mshumaa. Umeme ukikatika usiku na mama akaomba buji, hakuna atakayefungua motere. Kila maana ina mahali pake.

Sasa tuangalie "mafuta". Nyumbani kuna mafuta ya ngazi na mafuta ya kupakaa. Hayo hayasumbui, yako mbali na garaji. Lakini chini ya kapo moja kuna mafuta ya motere, mafuta ya freni, mafuta ya bwati, na katika motoka nyingi mafuta ya diresio. Juu ya hayo, msafiri aliyetoka Tanzania akisema "weka mafuta" anataka kile ambacho sisi tunaita esanse ao mazutu. (Mazutu nalo limesafiri: ni neno la Kirusi lililopita kwa Wafaransa na Wabelgiji kabla ya kutufikia.) Hapa mazingira hayasaidii tena, kwa sababu maana zote zinakaa mahali pamoja, mita moja kutoka moja hadi nyingine, kila moja na kifuniko chake.

Kisarufi, jina kamili ni nomino pamoja na kihusishi -a: mafuta ya fulani. Katika maneno ya haraka sehemu ya pili inadondoshwa. Kila lugha inafanya hivyo, ni uchumi wa usemi. Lakini ukimsikiliza shofere akimtuma kijana dukani, utasikia "leta mafuta" na kidole kinachoonyesha kapo. Kijana ana uhuru wa kuchagua kati ya vimiminika vinne, na muuzaji atampa kile kinachouzwa zaidi, yaani mafuta ya motere.

Yakitiwa katika kikopo cha freni, hivi ndivyo inavyokuwa. Kimiminika cha freni cha motoka nyingi, kile chenye alama ya DOT 3 ao DOT 4, hakikutengenezwa kwa mafuta ya petroli. Mipira midogo ya ndani ya freni imechaguliwa ili ivumilie kimiminika hicho tu. Mafuta ya motere yakiigusa, mipira inavimba na kulainika. Siku ya kwanza pedali inaweza kuwa sawa. Baadaye freni zinashika zenyewe na gurudumu linapata moto, ao pedali inazama mpaka chini. Kumwaga na kujaza upya hakutoshi: mipira yote iliyoguswa inapaswa kubadilishwa na mifereji kusafishwa. Kwa maneno mengine, kudondosha maneno mawili, "ya freni", kunaweza kugharimu kazi ya siku nzima, na hiyo ni kama kosa limeonekana kabla ya mteremko.

Kuna jambo la pili kuhusu kimiminika hicho ambalo jina "mafuta" linalificha. Mafuta yanakataa maji, kila mtoto aliyeosha sufuria anajua. Kimiminika cha freni kinayavuta. Kinayanywa kutoka hewani polepole, hata ndani ya motoka iliyosimama. DOT 4 mpya inachemka si chini ya digrii 230. Ikiisha kunywa maji, kiwango chake cha chini kinashuka mpaka 155. Kwa DOT 3 hesabu ni 205 na 140. Freni zikipata moto katika mteremko mrefu, kimiminika cha zamani kinachemka, mvuke unaingia mferejini, na mvuke unabanika pale ambapo kimiminika hakibaniki. Shofere anakanyaga na hakuna kitu. Ndiyo sababu watengenezaji wengi wanaomba kibadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama hakikupungua. Na ndiyo sababu kununua mafuta ya freni yaliyogawanywa katika chupa ya soda iliyofunguliwa tangu wiki nyingine si kubana matumizi. Chupa ndogo iliyofungwa na kiwanda ndiyo ya kununua.

Rangi inasaidia, ila kwa kiasi. Mafundi wengi wanaita yale ya diresio na ya bwati ya otomatiki "mafuta nyekundu", na kweli mara nyingi ni mekundu. Mafuta ya motere yenye rangi ya chai ya maziwa yanaonyesha kwamba maji yameingia ndani, na hapo motoka isiondoke. Mafuta ya freni yaliyokuwa ya asali nyepesi na sasa ni ya kahawa yanaomba kubadilishwa. Lakini kimiminika cha radiatere kinauzwa chekundu, kijani na buluu. Kwa hiyo rangi ni dalili ya hali, haifai kuwa jina.

Maji

"Maji" yana ugonjwa uleule, kwa kiasi kidogo. Kuna maji ya radiatere, maji ya kuosha kioo na maji ya batri. Haya ya mwisho ni hatari, kwa sababu mtu mmoja anaita hivyo asidi na mwingine anaita hivyo maji safi yasiyo na chumvi yanayoongezwa pale kiwango kinaposhuka. Batri inayopoteza maji kwa joto inahitaji maji hayo safi, si asidi, na wala si ya kisima. Kifuniko cha radiatere hakifunguliwi motere ikiwa moto. Ndani kuna msukumo, na maji yaliyopita kiwango cha kuchemka yanaruka usoni mara msukumo ukiachiliwa. Kamina iko kwenye mita 1,100 hivi juu ya bahari, na hapa maji yaliyo wazi yanachemka kwenye digrii 96 hivi, si 100. Kifuniko kizima kinachobana vizuri kina kazi kubwa zaidi kwetu kuliko kwa mtu wa Dar es Salaam.

Wakati wa kitenzi

Nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike. Sikiliza mazungumzo haya, ya aina inayosikika kila asubuhi:

"Fundi, angalia freni, inaisha."

"Inaisha, ao iko inaisha?"

"Iko inaisha, papa. Haiyaisha bado."

Mtu aliyejifunza Kiswahili sanifu atasema fundi anarudia tu neno la mteja. Hapana. Katika Kiswahili sanifu -na- ni jambo linaloendelea, na -me- ni jambo lililokamilika: freni inaisha, bado kuna kitu, freni imeisha, hakuna kitu. Katika Kiswahili cha Katanga -na- mara nyingi inabeba ukamilifu. "Motoka inafika" inaweza kumaanisha kwamba motoka iko hapa tayari. Jambo linaloendelea linapata msaidizi "-ko": "motoka iko inafika". Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa, katika sarufi yao ya Kiswahili cha Lubumbashi ya mwaka 2014, wametupa msingi wa kuieleza mifumo hii kama mifumo, bila kuiita makosa, na Kamina haiko mbali na Lubumbashi katika jambo hili.

Neno lenyewe linaongeza ugumu. Kitenzi "-isha" katika Katanga ni kitenzi kamili na ni kitenzi kisaidizi cha ukamilifu pia: "anaisha kula" ni amekwisha kula. Kwa hiyo "freni inaisha" ina ukamilifu mara mbili, katika kiambishi na katika mzizi. Kwa sikio la Kamina ni habari ya kufunga motoka. Kwa sikio la mtu wa Kigoma ni habari ya kupanga kazi ya wiki kesho.

Je, hii ni hofu ya mwanafunzi wa isimu tu? Ingekuwa hivyo kama watu wote wa garaji wangezaliwa hapa. Lakini Kamina ni njia panda. Mashofere wanatoka Lubumbashi, Mbuji-Mayi na Kalemie, na malori yanapita mikono mingi. Kuna na kijana aliyesoma shule na kujifunza Kiswahili cha vitabu, anayebadilisha -na- yake kulingana na aliye mbele yake: kwa baba yake anasema hivi, kwa mgeni anasema vile. Huyo ndiye anayenipa wasiwasi zaidi, kwa sababu yeye mwenyewe hawezi kusema kwa hakika ni mfumo gani anatumia wakati huu.

Dawa niliyoiona kwa mafundi wazuri si ya kisarufi. Wanaacha kitenzi na kutafuta namba. Plaketi mpya ina unene wa milimita 10 hivi. Ikibaki 3 ni wakati wa kubadilisha. Ukiuliza "imebaki milimita ngapi?" hakuna wakati wa kitenzi wa kubishania. Katika isimu tungesema kwamba kipimo kinafuta utata wa hali ya kitenzi. Fundi mmoja mzee anasema kwa ufupi zaidi: "Nionyeshe."

Motoka inalia

Freni zenyewe zinasaidia kusema. Plaketi nyingi zina kipande kidogo cha chuma kinachoanza kugusa diski pale unene unapopungua, na kinatoa mlio mwembamba. Mashofere wanasema "freni inalia", na wengi wanaiga: kwii, kwii. Mlio ukibadilika kuwa wa kukwaruza, khrrr, plaketi imekwisha na chuma kinakula chuma. Tofauti kati ya viigizi hivyo viwili ni tofauti kati ya kubadilisha plaketi na kubadilisha diski pia. Tunajifunza darasani kwamba viigizi vya sauti ni pambo la masimulizi. Garajini ni istilahi, na ni istilahi sahihi kuliko nyingi za Kifaransa. Ningependa mtu wa fonetiki aende huko na kinasa sauti, alinganishe kiigizi cha shofere na mlio wenyewe.

Vitenzi vinavyozunguka motoka ni vya mwili. Motere inakohoa, inachoka, inakunywa esanse, inakula mafuta. Pine inalika upande. Kila kimoja kina maana ya kiufundi iliyo imara. "Kula mafuta" ni kuyachoma, na unaiona kwa moshi wa buluu na kwa kijiti cha kupimia kinachoshuka. Pine iliyolika upande mmoja inasema magurudumu hayakunyooka. Iliyolika katikati ilikuwa na upepo mwingi. Iliyolika pande zote mbili ilikuwa na upepo kidogo.

Kitenzi kimoja tu cha familia hiyo kinaharibu kazi: "kufa". "Motere inakufa" inasemwa kwa motere iliyozima kwenye njia panda na kuwaka tena, na kwa motere iliyoshikana isiyozunguka tena maisha yake yote. Ongeza tena ile -na- ya ukamilifu, na fundi anayeitwa kwa simu kutoka kilomita 40 hajui kama achukue bisibisi ao kamba ya kuvuta. Wengine wameanza kutenga: "inazima" kwa ya kwanza, "inakufa" kwa ya pili. Ningependa utengano huo ushike.

Kilo ya upepo

Kwa pine utata uko katika kipimo. Kamina tunapima upepo kwa "kilo": "tia kilo mbili". Kilo hiyo ni kilogramu kwa kila sentimita ya mraba, na iko karibu sana na bar moja. Lakini motoka iliyotoka Japani ina karatasi kwenye mlango yenye kilopaskali, na kuna vipimo vya mkononi vinavyosomeka kwa paundi za Kiingereza. Msukumo mmoja unaandikwa hivi: bar 2.2, kilopaskali 220, paundi 32. Kilopaskali na kilo zinaanza na silabi zilezile, na kijana asiyeambiwa anaweza kuziona ni kitu kimoja. Ni heri kujifunza hesabu moja kwa moyo: kilo moja ni karibu kilopaskali 100, na ni karibu paundi 14.

Upepo unapimwa asubuhi, pine ikiwa baridi, kwa sababu safari inaipandisha moto na kudanganya kipimo. Motoka ikibeba mzigo inataka zaidi nyuma, na karatasi ya mlangoni inasema kiasi gani. Pine ya akiba nayo ipimwe. Wengi wanaigundua haina upepo siku wanapoihitaji.

Kuna maandishi mengine juu ya pine ambayo wanafunzi wa lugha tungepaswa kuwasomea watu wetu. Baada ya herufi DOT kuna msimbo unaomalizika na tarakimu nne: mbili za wiki na mbili za mwaka. 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Pine iliyotumika Ulaya ao Asia na kuuzwa hapa inaweza kuwa na meno mazuri na kuwa na umri wa miaka kumi na tano. Mpira unazeeka hata bila kutembea, unapasuka nyufa ndogo, halafu unafunguka kwenye joto na mzigo. Watengenezaji wengi wanasema isipite miaka 10. Meno yenyewe, nchi nyingi zinadai yasishuke chini ya milimita 1.6, na katika mvua za Novemba mpaka Machi, juu ya udongo wetu mwekundu, mimi ningedai zaidi ya hapo. Tarakimu hizo nne si Kifaransa wala Kiingereza. Ni kusoma tu. Muuzaji anazijua.

Vidanje

"Kufanya vidanje" kunatoka Kifaransa vidange, na maana yake ya asili ni kumwaga, kutoa kilichomo. Neno linafanya kile linachosema. Mteja analipa vidanje, fundi anamwaga mafuta ya zamani na kutia mapya, na filtere ya zamani inabaki imejaa uchafu wake. Hakuna aliyemdanganya mwingine. Dar es Salaam wanasema "sevisi", neno pana linaloweza kuingiza filtere, upepo, buji na mengine, ingawa upana huo nao unaficha mambo yake: huko unaweza kulipa sevisi bila kujua nini kilifanyika. Kati ya neno jembamba na neno pana, napendelea jembamba, mradi mteja aongeze: "vidanje na filtere". Hesabu inayosikika zaidi ni kilomita 5,000, lakini kitabu cha motoka ndicho kinachoamua, na vumbi la kiangazi linapunguza. Filtere ya hewa ndiyo inayoteseka zaidi katika barabara zetu. Itolewe na kuangaliwa mapema kuliko kitabu kinavyosema, maana kitabu kiliandikwa kwa ajili ya lami.

Kiwango chenyewe kinapimwa motoka ikiwa mahali tambarare, motere imezimwa dakika chache. Kijiti kinatolewa, kinafutwa, kinarudishwa, kinatolewa tena. Mafuta yawe kati ya alama mbili. Kupita alama ya juu si ukarimu, nako kunaharibu.

Karatasi ya shofere

Kodi ya barabara tunayoifuata ni sheria nambari 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978, na imeandikwa Kifaransa. Vitabu vya motoka viko katika Kijapani, Kiingereza ao Kifaransa. Katiba ya mwaka 2006 imekitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, lakini shofere wa Kamina hana karatasi hata moja ya ukaguzi katika Kiswahili anachosema. Karatasi za Tanzania zipo na ni nzuri, ila zinasema breki, tairi na rejeta, na -na- yao si -na- yetu.

Kwa hiyo nimeanza kuandika moja, ukurasa mmoja, na ninaiweka mbele ya walimu na wanafunzi wenzangu ili waikosoe. Nimefuata mambo matatu. Maneno ni ya garaji, hata pale BAKITA ina jingine. Neno "mafuta" na neno "maji" hayasimami peke yake hata mara moja. Kila mara yana "ya" na jina. Na hakuna swali linalojibiwa kwa kitenzi chenye -na-: kila jibu ni namba ao ndiyo na hapana. Mpangilio unafuata miguu ya mtu anayezunguka motoka kuanzia mlango wa shofere: pine ya mbele na upepo wake, fari, kapo na vyote vya ndani, upande wa pili, pine ya nyuma, taa za freni na mtu wa kuziangalia (ao ukuta, kama uko peke yako, mwanga unaonekana juu yake jioni), pine ya akiba na kriki, halafu ndani: pedali ya freni, freni ya mkono, klaksoni, mikanda. Pedali inakanyagwa motoka ikiwa imesimama, na inashikiliwa kwa muda wa kuhesabu mpaka thelathini. Ikizama polepole, safari imekwisha kabla ya kuanza.

Kuna mstari mmoja ambao sijaumaliza. Kile kimiminika cha rangi kinachotiwa katika radiatere mahali pa maji matupu, ambacho kinazuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka, hakina jina lililotulia hapa. Wengine wanasema "maji ya radiatere", na hapo watu wanatia ya bomba. Wengine wanasema "likidi", lakini wengine wanaita hivyo mafuta ya freni. Nimesikia pia "maji ya rangi". Kwenye karatasi nimeandika "likidi ya radiatere" kwa penseli, na pembeni nimechora kifuniko chenyewe.